Makaratasi ya Mzee Nisiyeweza Kumtaja

Ninyi vijana mnaofanya kazi ya kutunza makaratasi ya watu, naanza na samli. Mkishacheka ndipo mtanisikiliza.

Nilikuwa na wiki tatu tu kazini. Ofisi ilikuwa ya baraza, wakati wa Mwingereza, vyumba viwili vya udongo na bati juu, kando ya njia ya kutoka Nangwa kwenda Katesh. Siku hizi haipo, pamelimwa mahindi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kesi. Cha nyuma kiliitwa masijala, na humo makaratasi ya serikali yalikaa upande mmoja, na upande wa pili yalikaa ya familia, ya watu ambao nyumbani kwao hapakuwa na mahali pakavu. Mimi niliajiriwa kufagia, kuchota maji na kusiriba sakafu kwa samadi. Mwaka ule ng'ombe wetu walikufa kwa ugonjwa wakabaki wachache, ndiyo maana mwanamke wa Kibarbaig akaonekana na ufagio ofisini. Kiswahili nilikijua cha kuuzia maziwa, basi.

Siku hiyo karani akaniambia, "Mama Baso, bunda la Mzee Ramadhani limekauka, linavunjika kama jani. Lipanguse vumbi, uangalie usilivunje."

Nikalifungua. Kweli, karatasi zilikuwa ngumu, ukizikunja zinalia. Nikazihurumia. Kwetu ngozi ikikauka hivyo haiachwi. Sketi yangu ya ngozi niliyoolewa nayo niliipaka samli nikaisugua kwa kiganja mpaka ikalainika, na ilidumu miaka mingi. Basi kesho yake nilikuja na samli kwenye kibuyu kidogo. Nikaketi chini nikazipaka karatasi zote, moja moja, mbele na nyuma, kwa upendo kabisa.

Zililainika, sisemi uongo. Ila ukizishika juu unaona mpaka upande wa pili, na maandishi ya nyuma yanasomeka kwa mbele.

Wiki iliyofuata akaja Bi Zaituni, mke wa Mzee Ramadhani, wale wenye duka Katesh. Alitaka cheti cha ndoa yake awaonyeshe ndugu waliomtembelea kutoka Kondoa. Karani akamwekea mezani. Bi Zaituni akakishika, akakigeuza, akakinusa.

"Karani! Ndoa yangu inanuka samli!"

Mzee Ramadhani alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Shukuru. Miaka yote ilikuwa inanuka vitunguu."

"Na hivyo vitunguu namkaangia nani?"

"Ndiyo maana nimesema shukuru."

Wakaondoka wakibishana. Usiku huohuo panya wa Nangwa yote walipata habari, na asubuhi cheti cha Bi Zaituni kilikuwa kimebaki nusu, ile nusu yenye jina la mumewe. Mpaka anakufa alinitania kwamba mimi ndiye niliyemwachisha.

Karani mwenyewe alikuwa Isaya, Mwiraqw wa Dongobesh, aliyesomea kwa wamisheni. Mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Nilijua nimefukuzwa. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Ninyi Wabarbaig mnajua kutunza kitu kimoja tu, chenye pembe."

Na mimi nikajibu, maana nilishakata tamaa, "Na ninyi Wairaqw mnajua kimoja tu, chenye mpini."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Akaniambia, "Keti. Kwenu ngozi inaliwa na nini?"

"Wadudu. Panya. Unyevu."

"Na mnafanyaje, ukiacha samli?"

"Tunaiweka kwenye moshi. Hata kibuyu cha maziwa tunakisugua ndani kwa kijiti chenye moto, maziwa yanakaa."

Akatafuta karatasi mbili chakavu. Moja tukaitundika jikoni kwangu juu ya moshi siku nne, nyingine hapana. Zote mbili akaziweka kwenye kona ile ambayo mchwa waliipenda. Tukasubiri mvua zipite. Kila asubuhi kabla ya salamu swali lake lilikuwa, "Wameanza kula?" Tulikuwa watu wazima wawili tunapiga magoti kona moja tukitazama mchwa. Ile ya moshi ilibaki nzima lakini ilikuwa ya kahawia, maandishi yamefifia. Ile nyingine iliisha. Tukakubaliana hivi: moshi upewe rafu na masanduku, karatasi zenyewe zisiuone. Nikawa nafukiza masanduku matupu kila mwanzo wa masika, nayafunga, yanapoa, ndipo makaratasi yanarudi. Haikuandikwa kwenye kitabu chochote. Ilitoka kwake swali na kwangu kibuyu.

Mengine niliyojifunza nawapa kwa haraka. Miguu ya rafu isimamishe ndani ya makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo juu yake, sisimizi hawavuki. Bunda usilifunge kwa kamba ya katani, inakata kingo. Chana kaniki kuukuu, kitambaa kinashika bila kuuma. Karatasi mbili zilizogandana usizivute. Zilaze juu ya sinia, funika kwa kitambaa kibichi usiku mmoja wa ukungu, ule ukungu unaoshuka kutoka Hanang, asubuhi zinaachana zenyewe. Na usilambe kidole kufunulia. Tarishi mmoja, Paulo, alikuwa na tabia hiyo, na kila alipopita tulijua alisoma nini kwa zile alama.

Kusoma nilifundishwa na Isaya, lakini si kwa a, e, i, o, u. Alinifundisha kwa vibao vya mabunda. "Huyu ni nani?" Tluway. "Na huyu?" Nada. "Huyu?" Gidamisi wa Mogitu. Kila herufi kwangu ina uso wa mtu. Ukiniandikia T namwona Mzee Tluway na fimbo yake. Ndiyo maana majina hayanitoki. Ndani ya mwaka mmoja mtu akifika mlangoni, sijamwuliza kitu, bunda lake liko mezani. Isaya akaacha kufungua daftari. "Ya nini," alisema, "nina Mama Baso." Nilifurahi sana kusikia hivyo, na hapo ndipo kosa letu kubwa lilipoanzia.

Kulikuwa na sheria za kusoma. Unanawa mikono, unaketi, unasomea palepale, karatasi haitoki nje. Na bunda hufunguliwa kwa ajili ya mwenye jina, au wa nyumba yake, au aliyelileta. Wengi walikuja bila kujua kusoma. Walitaka tu kuhakikisha kwamba bado ipo. Mzee Nada alikuja kila baada ya mavuno, akaitazama hati yake, akauliza, "Bado inasema vilevile?" Isaya anamsomea. "Haya," anasema, anakwenda zake. Mimi nilikuwa najiuliza: alifikiri itabadilika? Baadaye nikaelewa kwamba watu wanabadilika, yeye alikuja kuona kitu kisichobadilika. Labda. Sikumwuliza, na sasa siwezi.

Sasa nije kwa makaratasi ya nyumba yetu.

Mtaona humu wako watu wawili ambao siwataji kwa jina kabisa. Msidhani ni uzee. Kwetu mwanamke akiolewa halitamki jina la baba mkwe wake, wala la baba yake huyo mzee. Halitamki akiwa peke yake, halitamki hata mwenyewe akifa. Si kwamba amelisahau. Analijua kuliko wote, kwa sababu kila siku anapita kando yake. Majina hayo mawili nayajua vizuri, na hamtayasoma hapa.

Baba mkwe wangu hakujua kusoma hata mstari, lakini hakuwahi kutupa karatasi aliyopewa na serikali. Alizitia kwenye mzinga mdogo wa asali wenye kifuniko cha ngozi, akautundika darini. Wageni wakija aliushusha. Anatoa moja anasema, "Hii niliipata siku mto ulipofurika." Anatoa nyingine, "Hii niliipata siku niliyomcheka Bwana Shauri akacheka na yeye," yaani yule Mzungu mkubwa wa wilaya. Zimeandikwa nini hakujua. Alijua zilivyomfikia. Mimi nikiwa bibi harusi nilisikiliza kutoka nyuma ya kiambaza, nikatamani mno kujua makaratasi yenyewe yanasema nini, kama yanasema kama yeye au yanasema mengine.

Alipofariki, mume wangu, baba Baso, aliniambia, "Wewe ndiye unafanya kazi kule pakavu. Yapeleke." Nikaubeba mzinga kichwani mpaka ofisini. Tulikaa siku mbili mimi na Isaya tukiondoa nta na sisimizi. Karatasi zilikuwa kumi na moja. Isaya alinisomea zote, na kweli, zilisema mengine kabisa, makavu, ila moja ambayo nitaifikia.

Alipomaliza akashika kibao na kalamu. "Jina la mwenye makaratasi?"

Nikanyamaza.

"Mama Baso. Jina."

"Ni baba wa mume wangu."

"Kila mume ana baba. Jina lake?"

Nikatazama chini.

"Umeolewa na mti, mkwe wako hana jina?"

Nilijaribu kumweleza. Alikuwa ameishi jirani na sisi maisha yake yote na hakuwahi kulisikia hilo, kwa sababu hakuwahi kumwuliza mwanamke wa Kibarbaig jina la mkwewe. Akavutiwa, akaanza maswali. Je, ukiota? Je, mtoto akipewa jina la babu yake, unamwitaje? Hapo nje watu walikuwa wamejaa wakisubiri kesi. Tarishi akamwita. Isaya akaandika kwenye kibao haraka: MFAGIZI. "Kesho mlete mumeo alitaje, tutabadilisha na daftarini tutaingiza."

Kesho ile haikuja. Mume wangu alipeleka ng'ombe malishoni upande wa Basotu, alikaa miezi. Isaya akapata uhamisho kwenda Mbulu kwa wiki moja tu ya kujiandaa. Na mimi kila siku nilikuwa nalipita lile bunda na ufagio wangu. Nalijua. Liko rafu ya tatu, la pili kutoka dirishani. Nilifikiri kwa kuwa mimi najua, basi linajulikana.

Akaja karani mpya, Filipo, kijana nadhifu wa kutoka upande wa Singida, penseli nyuma ya sikio. Alikuta rafu zimejaa, na alikuwa ameambiwa apunguze kabla ya masika. Angeniuliza mimi, ningemwambia kila kitu. Lakini wakati huo nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa pili, na kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Haendi kisimani, haingii boma la mtu, sembuse ofisini. Mlinzi wangu alikuwa mama mkwe, mjane wa huyo mzee. Hata kwenye mlango nikisogea anaguna.

Ndipo shemeji yangu Gidahoda, mdogo wa mume wangu, akaja mbio siku moja. Nje ya ukuta nikamsikia anamwambia mama yake kwamba mkulima mmoja mgeni, yule Mzungu aliyeitwa Bwana Kofia, amepewa kibali cha kulima uwanda ule wa chini ya Nangwa. Ameshapigilia mambo za kupimia, vile vigingi vya mpaka. Na mambo mbili zimepita upande wa pili wa bung'eda.

Bung'eda ni kaburi tunalomjengea mzee mkubwa sana. Ni kichuguu kirefu cha udongo, kila ukoo unaleta mikono yake, kazi ya miezi. Lile la pale lilikuwa la baba yake baba mkwe. Mama mkwe aliwapikia wajenzi wake akiwa bibi harusi. Kaburi la namna hiyo likipitishwa jembe la trekta, hakuna namna ya kulirudisha.

Gidahoda alikuwa amekwenda kwa wakubwa. Aliambiwa kesi itasikilizwa Jumatatu, Bwana Shauri mwenyewe anakuja kutoka Mbulu. Mkiwa na barua ya serikali ya kulinda mahali hapo, leteni. Msipokuwa nayo, trekta linaanza.

"Barua ipo," Gidahoda alimwambia mama yake. "Baba aliwahi kuipata. Nimekwenda kwa karani. Nimemtajia jina la baba mara tatu. Amefungua daftari mara tatu. Anasema hakuna mtu kama huyo."

Nikagonga ukuta kutoka ndani. "Shemeji! Kwenye daftari halipo!"

"Hata wewe unaniambia halipo?"

"Barua ipo. Jina ndilo halipo. Mwambie atafute kibao kilichoandikwa Mfagizi."

Akasema, "Makaratasi ya baba yangu umeyaandika Mfagizi?"

"Nenda kwanza. Utanigombeza ukirudi."

Akaenda. Akarudi jua linateremka, na safari hii hakupiga kelele, na hapo nikaogopa zaidi. Filipo alikuwa amelikuta bunda hilo siku nyingi, akatafuta daftarini mtu anayeitwa hivyo, hakumwona, akalitia kwenye gunia la mabunda yasiyo na wenyewe. Gunia liko uani. Jumamosi litachomwa. Ile ilikuwa Ijumaa. Gidahoda aliomba apewe, Filipo akakataa: kibao hakina jina la baba yako, na wewe si uliyelileta. Aje aliyelileta.

Alikuwa anafuata sheria ileile ya Isaya, ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuwarudisha watu mlangoni kwa ajili yake.

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na jiwe la kusagia. Nilijua anapima mambo mawili mazito, na hakuna mtu mwingine wa kuyapima. Mwisho akasema, "Mtoto ana wiki saba. Bado wiki tano."

"Ndiyo, mama."

"Watu walileta udongo kwa mikono kutoka mbali. Wengine wao wako hai. Nitawaambia nini?" Akainuka, akashusha joho lake la ngozi, akanifunika mimi na mtoto mpaka machoni. "Toka. Mimi natangulia. Atakayeuliza, mimi ndiye niliyekutoa."

Tukaondoka asubuhi ya Jumamosi. Yeye mbele, mimi nyuma na mtoto, Gidahoda nyuma kabisa. Hatukupita boma la mtu, tulizunguka kwenye majani, viatu vya umande mpaka magotini. Watu tuliokutana nao waliamkia, "Shikamoo, mama," naye anaitikia marahaba kwa niaba ya wote watatu, anapita. Mwanamke mmoja, Udahema, akasimama akatutazama. "Mama, huyo nyuma si mzazi?"

"Ni mzigo wangu," mama mkwe akajibu. Hakugeuka.

Uani tulikuta gunia limeshamwagwa chini na Paulo tarishi anatafuta kiberiti. Nililiona bunda langu kwa kitambaa cha kaniki. Filipo akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamwambia, "Karani, mfagizi ndiye mimi. Lile nililileta mimi."

Hakuwa mtu mbaya. Akaliokota, akalishika kifuani. "Vizuri. Taja jina la mwenye makaratasi niandike, nikupe."

Ndiyo tukafika palepale. Nikatazama chini. Akamgeukia mama mkwe, ambaye naye kwa heshima hakuwahi kumwita mumewe kwa jina.

"Kijana," mama mkwe akamwuliza, "mama yako hulitaja jina la baba mkwe wake?"

"Kwetu hulitaja, mama."

"Basi kwenu ni mbali."

Gidahoda akalitaja yeye, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Filipo akatikisa kichwa. "Wewe nilishakusikia jana. Mtu yeyote anaweza kuja kutaja jina juu ya bunda lisilo na jina. Nataka aliyeleta anionyeshe kwamba anajua analoliomba."

Hapo nikapata akili. Nikamwambia, "Usilifungue bado. Nikikutajia kilichomo bila kukiona, utaamini?"

Akafikiri. Akaketi kwenye kizingiti, bunda magotini. "Sema."

"Ya juu ni kibali cha kupeleka ng'ombe mnadani. Kona ya chini imetafunwa na ndama."

Akafungua kitambaa. Akaiinua. Kona haikuwepo.

"Ya pili na ya tatu ni barua za mwanawe aliyekwenda vitani. Ya pili imekunjwa mara nne. Ya tatu ina duara la kikombe, na chini amesalimia watu tisa, wa mwisho ni fahali."

Filipo akasoma kimya midomo ikicheza. "Ni fahali kweli," akasema. Paulo akaacha kiberiti akasogea.

"Ya nne ni hukumu ya kisima cha Hirbadaw. Mihuri miwili, mmoja umegongwa juu chini."

Tukaendelea hivyo. Ya tano, ya sita, ya saba. Kila moja anainua, anatazama, anaiweka upande. Mtoto akaanza kulia, nikamnyonyesha ndani ya lile joho huku nasema. Niliogopa kukosea, maana nta ilikuwa imeziharibu baadhi na sikuwa nimeziona miezi mingi.

"Ya nane ni barua ya Bwana Shauri wa zamani. Ina mstari wa bluu juu, na chini kulia kuna kidole gumba cha wino wa zambarau."

Akaiinua. Akaisoma yote. Akaisoma tena. Akanitazama juu ya karatasi, akasema, "Endelea."

"Ya tisa na ya kumi ni za josho la ng'ombe, zimegandana, usizivute. Ya kumi na moja haina kitu."

"Haina kitu?"

"Karatasi nyeupe. Safi. Mbele na nyuma."

Ilikuwa nyeupe. Akaigeuza kwenye jua. Akauliza aliitunza ya nini. Mimi na Isaya tulikuwa tumejiuliza siku nzima zamani hizo. Tukamtazama mama mkwe.

"Mnanitazama nini," akasema. "Hata mimi hakuniambia."

Jumatatu watu walijaa. Filipo aliisoma ile barua kwa Kiswahili mbele ya Bwana Shauri, wazi, polepole. Ilisema kwamba ardhi inayozunguka kaburi, mpaka kwenye mawe aliyoyapanga baba mkwe wangu mwenyewe kwa mkono wake mbele ya Bwana Shauri, isilimwe wala isijengwe, na mzee ametia kidole kukubali mpaka huo. Bwana Kofia akasimama. "Mawe gani? Mimi nimeona majani tu." Hakusema kwa jeuri, alitaka kujua. Basi wote tukaenda, na mimi kwa mbali ndani ya joho langu. Gidahoda na wenzake wakakwaruza kwa miguu kwenye nyasi. Likaonekana la kwanza. Halafu la pili, hatua tatu kutoka hapo, halafu yakaonekana yote, mstari umekwenda mviringo mzuri, na zile mambo mbili ziko ndani yake. Bwana Kofia alizing'oa mwenyewe. Ya pili ilimshinda, alipoivuta kwa nguvu akaanguka akaketi, na watu wakacheka, na yeye akacheka.

Vijana, sikilizeni hapa. Barua ile haikuliwa na mchwa wala panya. Moshi, makopo ya mafuta ya taa na kaniki vilifanya kazi yake yote. Kilichokaribia kuiua ni kwamba ilikaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa nyumbani ananyonyesha. Usiwe wewe ndiye daftari. Na ukimwuliza mtu jina akanyamaza, usiandike haraka jambo lolote ili foleni isogee. Mwulize ni nani mwingine anayeweza kulisema, umngoje huyo. Baada ya hapo Filipo aliweka kiti mlangoni, na mwanamke wa kwetu akija na makaratasi ya ukweni, anaketi hapo mpaka mwanamume wa nyumba ile afike. Wakati mwingine anaketi siku nzima. Tulimletea uji.

Siku ileile ya Jumatatu, watu walipotawanyika, tulirudi ofisini. Filipo akakwangua kibao kwa kisu. Gidahoda akalitaja jina, akaandika, akaingiza na daftarini, akanionyesha. Nikalisoma kwa macho.

Akataka kuirudisha barua bundani. Mama mkwe akamshika mkono.

"Ngoja. Hicho kidole kiko wapi?"

Nikamwonyesha. Wino wa zambarau, mistari imejizungusha vizuri, na katikati kovu dogo la kukatwa na kisu. Mama mkwe akaiinamia karatasi muda mrefu, nikadhani atalia. Akaweka kidole gumba chake kando ya kile, bila kuigusa karatasi, akavilinganisha.

"Tazama," akaniambia. "Miaka yote ananiambia mimi ndiye mwenye vidole vinene."

Kisha akamgeukia Filipo, akamwuliza kama inaruhusiwa kuja tena kesho kukitazama.